Nani Amekizungusha?

Nilitukanwa asubuhi, hata bakuli la mohinga, tambi zetu za supu ya samaki, sijalimaliza, kwa kosa nisilolijua. Dada yangu Yadanar alisimama mlangoni, kamera ya studio mkononi, akanitazama kama mwizi wa kuku.

"We Phyo! Umeichezea tena kamera?"

"Kamera gani? Mtu nakula hapa."

"Kitundu cha kuchungulia kina ukungu mtupu, halafu kimekuwa cha manjano. Leo! Siku ya mwanangu! Hivi kichwani mna nini?"

Siku yenyewe ilikuwa ya shinbyu ya Zwe, mtoto wake wa pekee. Anapelekwa monasteri, ananyolewa, anavishwa joho la utawa, na sherehe hiyo haina marudio. Nywele zinapokatwa, mama hushika kitambaa cheupe zidondokee humo. Kwa hiyo Yadanar, hodari wa picha mji mzima wa Pyay, picha ile moja aliyoitaka kuliko zote asingeweza kuipiga. Kazi hiyo ilikuwa ya baba yetu, U Thaung Shwe, aliyeifungua studio na kutufundisha sote. Mimi nilijitolea, mzee akanijia juu: "Mjukuu wangu nampiga mwenyewe! Mimi nimekufa?"

Dada akavua mpira wa kitunduni, ule wa kuegemeza jicho, akapuliza vumbi, akafuta kioo kwa kijiti cha pamba na spiriti kidogo. Pamba ikatoka na umanjano wote. Ilikuwa thanaka, ile poda ya mti anayojipaka mashavuni kila kukicha.

"Shavu la nani hilo, dada?" nikamuuliza.

"Nyamaza, nitakupiga na hii kamera!"

Ukungu ulibaki palepale. Ndipo akakitazama kile kigurudumu kidogo kando ya kitundu, kinacholinganisha kioo na macho ya mchunguliaji. Kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho.

"Nani amekizungusha hivi? Kipofu?" Akakirudisha panapolifaa jicho lake, kisha akapaza sauti nyumba nzima isikie. "Atakayekigusa tena hakanyagi studio yangu! Awe nani, sijali!"

Mashangazi walinicheka. Baba alikuwa pembeni, akafunga upya longyi yake, kile kikoi cha kiunoni.

Monasterini Zwe aliketi sako kwa bako na mtoto wa jirani yetu Daw Hnin, maana familia zetu zilichanga sherehe moja. Wote wawili walikuwa na hariri, poda usoni na midomo iliyopakwa rangi. Taji zikavuliwa, kina mama wakatandaza vitambaa, mtawa akashika wembe. Baba akaiweka kamera jichoni. Kidole gumba kikaenda kwenye kigurudumu, kikasita, kikarudi.

Damu ilinichemka. Kumbe ni yeye! Mzee mzima kaniacha nisemwe mbele ya ukoo, kisa anaona haya kukiri kwamba macho yamechoka! Nikasema moyoni, na ahangaike. Picha nilijua hazitaharibika. Ukungu ule ni wa jicho la anayechungulia tu, kamera inajirekebisha yenyewe.

Na kweli, picha zilitoka safi. Tulipozifungua barazani, mimi na Yadanar, uliweza kuona hata tone la maji kwenye wembe. Lakini picha zote zilikuwa za mtoto wa Daw Hnin. Wetu ameambulia sikio, pembeni kabisa.

Yadanar alinigeukia, macho yamemtoka.

"Usinitazame mimi!" nikafoka. "Baba haoni! Kigurudumu alikuwa anazungusha yeye, ukampigia kelele, akaogopa kukigusa. Haya, kamtukane na yeye kama ulivyonitukana mimi!"

Akaondoka mbiombio na kamera yake, nami nyuma yake. Nilitaka kusikia kwa masikio yangu. Baba alikuwa amekaa katikati ya wageni, sahani ya saladi ya majani ya chai mbele yake, kifua mbele.

"Lete, lete nione," akasema. Akaisogeza kamera hadi karibu na pua. Akaitazama sana ile sura ya mtoto wa watu, akawageuzia wageni. "Tazameni alivyotulia mjukuu wangu. Uso wa mama yake mtupu."

Daw Hnin alichungulia, akainamisha macho chini. Yadanar akafungua kinywa. Sasa, nikawaza, sasa mzee atakiona cha moto.

"Ndiyo, Baba," akasema. "Amefanana na mimi."

Kisha akanigeukia, machozi yanamtoka, sauti kali ile ile. "Na wewe umesimama unatazama nini? Wageni hawana chai!"