Sentimita Arobaini na Mbili

Jumatatu asubuhi, katika ofisi ya shirika moja la misaada kule Himbi, mjini Goma, Olive alimaliza kuandika ile sehemu ya programu ya simu inayopokea data za JSON kutoka kwenye seva. Kila kitu kilikuja na jina lake na thamani yake, na kazi yake ilikuwa kukagua: namba iwe namba, tarehe iwe tarehe, la sivyo mwenye maelezo hayo anarukwa na orodha inaendelea. Aliijaribu mara tatu, akaridhika, akanywa chai.

Saa sita mchana yalipita majina elfu nne ya waliokimbia vita, waliokuwa wakingoja unga wa msaada. Kumi na moja yalikataliwa. Dakika mbili baadaye watu kumi na mmoja mjini waliinuka kutoka ardhini, wakaelea hewani.

Mmoja wao alikuwa Masika, shangazi yake Olive, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ua wa majirani, mtaa wa Mabanga. Hakupiga kelele. Majirani walimjazia mawe ya lava mifukoni, maana hayo Goma hayanunuliwi, akashuka kidogo. Kisha akapanda pikipiki kwenda Himbi kwa Olive, dereva akiwa amemfunga kwa kitenge asije akampoteza njiani.

Olive alifungua maelezo ya shangazi yake kwenye orodha. Penye tarehe ya kuzaliwa paliandikwa: wiki kahawa ya kwanza ilipovunwa nyuma ya misheni. Vijana wa kuandikisha walikuwa wamelelewa vizuri. Mzee akisema, hasahihishwi. Programu haikulelewa na mtu.

Olive alipendekeza waandike tarehe mosi Januari, kama walivyoandikiwa wengi. Masika alikuwa ameshika fremu ya mlango.

“Premier janvier mama yangu hakunizala,” alisema. “Mutoto wangu, mimi ninakulaka komunyo. Nitaungama nini?”

Olive aliona aibu, kwa sababu kanuni ile aliitunga mwenyewe. Akaongeza mstari mmoja: tarehe au maandishi, vyote vipokelewe. Mkuu wake, Kambere, aliusoma akaufuta. Wafadhili wanataka tarehe, alisema, na hakuwa mtu mbaya. Aliitazama miguu ya Masika, akauliza ameanza lini kuelea. Kilichomsumbua ni kwamba jambo lenyewe halina mahali pa kuandikwa. Akaagiza orodha ya pili, ya walio hewani: jina, na urefu kutoka chini kwa sentimita, namba kamili, lazima.

Olive aliimaliza kabla ya saa kumi. Alimpima shangazi yake kwa futi ya fundi cherehani, akaandika arobaini na mbili. Ilipita mara moja.

Ijumaa unga uligawiwa. Masika alipanga foleni na mawe yake tangu asubuhi. Mlinzi alitazama simu, akamkuta kwenye orodha ya hewani, akamkosa kwenye ya unga. Akamwomba radhi, akamfunga pembeni kwenye nguzo ili asiwazuie wenzake.

Olive alikuja na futi yake, kwani orodha ya hewani ilipaswa kusahihishwa kila Ijumaa. Alipima, akaandika arobaini na tisa.

“Imepita?” Masika aliuliza.

“Imepita, shangazi.”

Masika akashukuru, akaomba aongezewe jiwe moja.