Mfupa wa Nikiforos

Jumamosi asubuhi Kaliroi alichukua chupa mbili za divai nyekundu, beseni na taulo jipya, akaenda makaburini kumtoa mumewe. Kijijini kwetu wafu hukaa ardhini miaka mitatu tu. Makaburi ni machache na watu hawaachi kufa. Kisha mifupa huoshwa kwa divai, hupangwa sandukuni, na sanduku huwekwa kanisani ili marehemu apumzike kabisa. Hilo tu ndilo alilolitaka Kaliroi: Nikiforos apumzike. Alikuwa amebeba mawe machimboni tangu ana miaka kumi na sita.

Lefteris, mchimba makaburi, alimpa mifupa mmoja mmoja naye akaiosha. Alipofika shingoni, Lefteris alivuta, akavuta tena, akakaa chini.

"Dada, huu hautoki."

Ulikuwa mfupa wa juu kabisa wa shingo, mdogo kama bangili ya mtoto. Wanaume wanne hawakuweza hata kuutikisa. Padri akatuma watu machimboni, na saa sita Stratis, msimamizi wa machimbo ya marumaru, akafika na kreni.

"Daktari anauita atlasi," Lefteris alimwambia, akijifuta jasho. "Ndio unaobeba kichwa. Ni jina la lile jitu la kale lililohukumiwa kubeba mbingu. Hata huko mashariki ya mbali kuna mbawakawa mwenye pembe anaitwa hivyohivyo. Ana nguvu huyo, acha tu!"

"Ukoo wa wapagazi," alisema Stratis.

Mfupa ulipanda polepole. Mzani wa kreni ulionyesha tani tatu na kilo mia mbili na kumi. Kaliroi aliifahamu hesabu hiyo. Ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye jiwe lililopelekwa bandarini siku ya mazishi. Jeneza lilisimama kando ya njia, lori lenye jiwe likapita kwanza. Cheti cha kifo kilisema ni moyo uliomuua.

"Sasa futeni moyo, andikeni jiwe," alisema.

"Shemeji, cheti ni cheti," alijibu Stratis. " Na mzani huu mbovu siku nyingi."

Sanduku lilifungwa likiwa na upungufu wa mfupa mmoja. Jumatatu Stratis aliupeleka mfupa kwa kreni ileile hadi shimo la tatu, akauweka chini ya dari iliyokuwa na ufa, uwe nguzo. Ufa ukatulia. Siku hizi wachimbaji hula mkate na zeituni hapo, maana hakuna mahali salama zaidi.

Kila Jumamosi Kaliroi huenda kuuosha. Getini mlinzi humvisha kofia ngumu. Sasa ni sharti. Halii. Anasema mwili mzima umekufa ganzi, mikono tu ndiyo inayokumbuka kazi.

Wiki iliyopita alimuuliza Stratis, "Atapumzika lini?"

"Jiwe likiisha, shemeji."

Kaliroi alirudisha kofia getini, akautazama mlima. Wote ni marumaru.