Miji Mitatu ya Wegesa

Kitendawili! Anawaita watu wote waingie ndani, mwenyewe anabaki nje. Usikimbilie kusema kengele, mjukuu wangu. Katekista Florian naye alikimbilia.

Ilikuwa Jumamosi alasiri pale Bweri, chini ya nguzo mbili za kengele ya kanisa la kigango. Kila Jumamosi wapenda kengele walikutana hapo wakaipiga kwa zamu, kwa raha tu, kama wengine wanavyocheza bao. Alikuwepo Nyangi muuza dagaa, Chrispin wa bodaboda, na Wegesa aliyewafundisha wote. Anayesubiri kamba hutega kitendawili, na siku hiyo alitega Wegesa.

"Kengele," alijibu Florian.

"Umekosa, mwalimu. Nipe mji."

Akampa Bunda.

"Jogoo."

"Jogoo anamwitaga nani ndani? Lete mji."

Akampa Butiama. Akasema mlinzi wa geti, akakosa tena, akampa na Musoma mjini. Ndiyo sheria ya vitendawili: ukishindwa unatoa mji, halafu unaambiwa jibu.

"Jibu Jumamosi ijayo," alisema Wegesa, akashika kamba. "Ngoja kwanza nikatawale."

Alhamisi akafa kwa presha. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Kigangoni hapo mtu akifa hupigiwa kengele, pigo moja kwa kila mwaka wake. Mama Ghati akaenda kumwombea Wegesa mapigo arobaini na moja. Ghati ni mjane asiyejaliwa mtoto wa kiume. Miaka ishirini nyuma alitoa ng'ombe akamwoa Wegesa, nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke ili boma lisife. Wakazaliwa watoto watano, na boma halikufa.

Baraza la kigango likasema ndoa hiyo halijawahi kuitambua. Kwa hiyo miaka yote Wegesa alipiga kengele ya misa, kisha akaisikiliza misa dirishani. Sasa na kengele yenyewe hapigiwi.

"Wafu wenu wote aliwapigia yeye," alisema Ghati. "Wa kwangu atapigiwa lini?"

"Kuna utaratibu, mama," alisema Florian.

Wegesa akazikwa kimya.

Jumamosi Nyangi akavuta kamba. Kengele ikayumba, ulimi ukagonga, Bweri hapakusikika kitu. Punde dada yake akapiga simu kutoka Bunda: kengele inalia juu ya stendi, watu wanauliza nani kafa. Chrispin akavuta. Ikalia Butiama, ng'ombe wakarudi zizini saa tisa. Florian akavuta mwenyewe, ikalia Musoma mjini, na pale sokoni Mwigobero wauza sato wakavua kofia.

Watu wakazoea. Wa Bunda waliomba tu isipigwe wakati wa mitihani. Bweri, aliyetaka kujua saa ya misa alisubiri simu ya shemeji yake wa Butiama. Baraza likakaa vikao vinne, likapaka grisi, likabadilisha kamba, likamwandikia fundi barua. Kuhusu mapigo arobaini na moja halikubadilisha neno.

Kila Jumamosi Ghati alikuja na kigoda chake.

"Atapigiwa lini?"

"Bado, mama."

Ghati alikaa mpaka jioni, akabeba kigoda, akaondoka.

Jumamosi ya tisa Nyangi akaitupa kamba chini.

"Nimechoka kuwapigia watu wa Bunda! Mwalimu, si wewe uliyempa miji? Irudishe!"

"Nitairudishaje, na jibu hakunipa?"

"Wewe Florian," alisema Ghati kwenye kigoda, "jibu unalo tangu siku ile. Nani alikuwaga anatuita wote tuingie, mwenyewe anabaki nje?"

Florian alikuwa ametoka kwenye kikao cha tano, na mkononi alishika karatasi: ombi limekataliwa, sahihi ya kwanza ni yake. Akalitazama dirisha la kanisa. Pembeni yake rangi ya ukuta ilikuwa imefutika, mahali palipoegemewa na bega moja kwa miaka ishirini. Nyangi akainama, akaiokota kamba. Chrispin akazima pikipiki.

Florian akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Wegesa," akasema.