Mhojiwa wa Saba

Kila Alhamisi asubuhi Anyait alikitoa kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta, akakikunja vizuri, akachomeka waya wa simu na kungoja. Miaka hiyo mtandao uliingia kwa kelele, kama kuku waliofukuzwa jikoni. Chumba chake cha maktaba kilikuwa Malaba, nyuma ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Chuo kimoja cha Nairobi kilimweka hapo awaandikie watafiti kurasa za msaada mtandaoni: namna ya kutafuta makala, namna ya kuchagua maneno ya kutafutia.

Makala yenyewe hayakufunguka kutoka Malaba, kwa kuwa yalitaka neno la siri. Badala yake walikuja watu. Makala yakipatikana, marehemu waliohojiwa ndani yake waliingia kwa mlango wa mbele, wakakung'uta miguu, wakaketi kwenye benchi kungoja kuulizwa. Walisema yale tu yaliyochapishwa, tena kwa Kiingereza, hata wale ambao hawakuwahi kukijua.

Asubuhi moja ya mwaka wa tisini na nane, Bwire, mtafiti kijana wa nafaka kutoka Nambale, aliinua macho kutoka kwenye kompyuta akakuta uwanja umejaa.

"Madam, mbona wengi hivi?"

"Umeandika nini?"

"Wimbi."

"Wimbi tu?"

"Tu."

"Daktari, hii sasa ni harambee," Emukule, mlinzi ambaye pia ndiye aliyepika chai, alimtania Bwire. "Wengine naona wametoka Tororo. Vikombe nitatoa wapi?"

Anyait alitoka akawaomba wageni radhi kwa Kiteso. Waliondoka bila kinyongo, wenye nguvu wakiwashika mkono wazee. Kisha aliketi akaongeza kwenye kurasa zake: *Usitafute kwa neno moja. Viti ni sita.*

Yeye mwenyewe alikuwa na mtu wa kumtafuta. Mamake, Adeke, alikufa Anyait akiwa darasa la tatu, na sauti yake ilikuwa imemtoka kichwani kabisa. Lakini nyumbani ilisimuliwa kwamba mwaka aliozaliwa Anyait alikuja mwalimu mmoja mwenye kinasa sauti, akala, akanywa, akamwuliza Adeke habari za shamba, akaahidi kurudi na kitabu. Basi watafiti walipoenda kula mchana, Anyait aliandika jina la mamake. Walikuja akina Adeke wengine, wanawake wapole, mmoja hata akamfagilia chumba. Mamake hakuja. Anyait alitaka kitu kimoja tu, amsikie akimwita jina.

"Sasa ongeza maneno," Anyait alimwambia Bwire asubuhi ile, wageni walipokwisha kuondoka. "Wimbi la wapi? Linafanywa nini?"

Bwire aliandika: wimbi, kupanda, majivu, Teso, wanawake.

Aliingia mwanamke mmoja, kitambaa cha kijani kichwani, akakung'uta miguu. Anyait alimjua kwa namna alivyousukuma mlango kwa kiwiko. Emukule alimtazama Anyait usoni, akaenda kuleta kiti chenye mgongo.

"Karibu mama," Bwire alisema. "Jina lako?"

"Mhojiwa wa saba," alijibu Adeke kwa Kiingereza.

Anyait alipiga magoti, akamsalimia kwa Kiteso. "Mama, ni mimi. Ni Anyait."

Adeke alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto wa jirani. "Mbegu huchanganywa na majivu," alisema, "ili wadudu wasiile."

"Mama, unanikumbuka?"

"Hupandwa mvua ya kwanza ikishanyesha."

Aliulizwa mengi na akajibu kwa wimbi. Bwire aliacha kuandika, akamsogezea chai yake mwenyewe. Mwishoni Adeke alipeleka mkono mgongoni, akashusha sauti. "Ukiwa na mtoto mgongoni, unainama polepole, asiamke." Maneno hayo yalikuwa yamechapishwa. Kushusha sauti hakukuchapishwa popote.

Halafu alishukuru kwa chai, akaondoka.

Alasiri hiyo Anyait aliongeza kwenye kurasa: *Unapomhoji mtu, uliza jina lake uliandike. Uliza ana watoto gani, wanaitwaje.* Wiki iliyofuata chuo kiliifuta mistari hiyo na kumweleza kwa heshima kwamba haihusu stadi za kutafuta taarifa. Ule wa viti waliuacha.

Makala ya Bwire yalitoka mwaka uliofuata. Yaliwashukuru wafadhili, chuo na dereva, na Adeke aliitwa mhojiwa mmoja wa zamani. Bwire alikuwa ameandika jina lake, mhariri akalikata. Bwire alikuja mwenyewe kusema pole, akaleta mkate na sukari, na Anyait alimpikia chai.

Kurasa zilisomwa hadi Kampala, na watafiti wakaja wakijua kutafuta. Benchi halikujaa tena kupita kiasi. Hakuna aliyewahi kuingia na jina ambalo hakuulizwa.

Siku za Alhamisi, kabla ya watafiti kufika, Anyait alikunja kitambaa, akangoja kelele ziishe, akaandika yale maneno. Emukule alikuwa ameshaweka kiti. Adeke aliingia, akaketi, akaeleza habari za majivu na mvua ya kwanza. Alipofika kwa mtoto, alipeleka mkono mgongoni na kushusha sauti asimwamshe, na Anyait, ameegemeza kichwa mezani, alitulia kimya kama aliyelala.