Kovu la Turania

Mdogo wangu Numerio alianza kutunga mashairi ya mapenzi mwaka ule alipompenda mke wa mtu. Mume wangu alikuwa amefia vitani, nami nikahamia kwa Numerio, ghorofa ya tatu, mtaa wa Subura, nikawa nampikia na kumfulia. Kwa hiyo yote niliyaona kwa macho yangu.

Mwanamke mwenyewe alikuwa Fulkinia, mke wa hakimu. Sikumpenda hata siku moja. Alikuja mchana, mumewe akiwa mahakamani, amejifunika shela mpaka machoni, na akishamaliza ngazi zetu hukunja pua kwa harufu ya kabichi zangu. Lakini Numerio akimwona alisahau hata kuniambia nitoke.

Katika mashairi alimwita Melita, jina la Kiyunani, ili watu wasimjue. Watu wakataka kumjua hivyo hivyo. Siku moja Fulkinia alipanda ngazi akihema kwa hasira.

"Jana kwenye karamu wamenitazama kuanzia shingo mpaka vidole," alisema. "Wananilinganisha na mashairi yako! Unataka niangamie?"

"Nifanyeje, mpenzi?"

"Mpe huyo Melita kitu ambacho mimi sina."

Wiki hiyo hiyo Numerio akaandika hivi:

*Kovu mkononi mwako, limepinda kama mwezi;*
*nililibusu jioni, kulala tena siwezi.*

Fulkinia hakuwa na kovu lolote. Mikono yake ilikuwa laini kama jibini. Mistari hiyo ikapendwa kuliko yote aliyowahi kutunga. Iliandikwa kwa mkaa ukutani, ikaimbwa kwenye mabafu, na wapagazi wakaipigia hatua zao wakiwa wamebeba machela za mabwana.

Turania alikuwa mke wa Opsio, muuza mafuta wa kona ya mtaa wetu. Mimi nilinunua kwake, na nisipojisikia kushuka humtuma Numerio. Turania alikuwa mtu wa mzaha. "Dada Petilia," aliniambia siku moja, "usimtume tena mshairi wako. Juzi amelipa, ameaga vizuri, chupa kaiacha hapa mezani!" Na kwenye mkono wake wa kushoto palikuwa na kovu lililopinda, alilokatwa na mtungi uliovunjika enzi za usichana wake.

Numerio aliniapia baadaye kwamba hakumkumbuka Turania alipokuwa akiandika. Aliukumbuka mkono tu, ukimimina mafuta. Namwamini. Ndivyo alivyokuwa.

Walioanza ni vijana wa mtaani. "Mama Melita!" walipiga kelele dukani. "Tupimie kwa mkono ule wa mwezi! Sisi pia hatulali!" Mwanzoni Turania alicheka, akawarushia kitambaa cha kufutia mitungi. Opsio hakucheka. Hakuwa na shahidi wa kumshitaki mkewe mahakamani kwa zinaa, ila kwa talaka hakuhitaji shahidi. Aliwaita ndugu wa pande zote mbili, akasema mbele yao, "Chukua vyako, uende zako." Watoto wawili wakabaki kwa baba, kama ilivyo desturi yetu.

Siku ya pili Turania alikuja kwetu. Nilimpa kigoda, akakataa kukaa.

"Mdogo wangu," alimwambia Numerio, "mimi na wewe tumewahi kuzungumza nini zaidi ya bei ya mafuta?"

"Hakuna."

"Basi nenda kamwambie hivyo mume wangu. Binti yangu analia, ananiuliza nimefanya nini."

Numerio aliahidi kwenda. Lakini kabla hajaenda Fulkinia akapata habari, akaja.

"Ukisema si Turania, watakuuliza ni nani basi," alisema. "Nami kwa sheria ya zinaa nitafukuzwa nikafie kisiwani, juu ya mawe, peke yangu. Ndivyo unavyonipenda?" Fulkinia akatengeneza shela yake. "Huyo muuza mafuta ataolewa tena. Watu wa aina yake huolewa."

Ningependa kusema mapenzi yalikufa palepale. Hayakufa. Numerio alimsindikiza mpaka chini ya ngazi, na aliporudi mdomo wake ulikuwa na alama ya meno.

Hata hivyo alikwenda kwa Opsio, nami nikafuatana naye. Duka lilikuwa limejaa wateja.

"Mkeo hana kosa," Numerio alisema. "Melita si yeye."

"Hilo kovu uliliona wapi?"

"Hapa hapa, akinimiminia mafuta."

"Aa! Ukaliona kovu kwenye foleni ya mafuta, ukakosa usingizi?" Wateja wakaangua kicheko. Opsio mwenyewe alikuwa na machozi. "Sawa. Kama si yeye, niambie ni nani, hapa, mbele ya watu. Leo leo nitamrudisha."

Nilimtazama ndugu yangu. Midomo yake ilisogea, halafu ikafungika. Opsio alingoja muda mrefu, kwa heshima kabisa, kisha akasema, "Nenda nyumbani, mshairi." Jioni ile mtaa mzima ulijua kwamba mpenzi wa Turania amekuja kumtetea.

Turania alihamia kwa shangazi yake huko Bovile, kwenye barabara ya kusini. Tulikwenda kumtembelea mwisho wa kiangazi. Alikuwa amekonda, anakohoa. Alituandalia dengu na mkate, Numerio asile.

"Kula, dengu hazina sumu," alimwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Shangazi anayajua mashairi yote, ananiimbia. Na mazuri, Dada Petilia, hilo ndilo linaloniuma. Maishani mwangu hakuna aliyewahi kunipenda hivyo. Opsio alinioa kwa sababu baba yangu alikuwa na mizeituni. Adhabu ya mapenzi nimepewa mimi, mapenzi yenyewe kapewa mwingine."

"Nisamehe," alisema Numerio.

"Nirudishie watoto, nitakusamehe."

Akaondoa sahani.

Homa ya vuli ilimchukua. Tulipofika tulikuta mwili wake umeshachomwa, majivu yamo ndani ya chungu, na fundi wa mawe amekaa anangoja aambiwe maneno ya kuchonga. Numerio alimwomba shangazi amruhusu ayaandike yeye, mistari miwili tu.

Yule shangazi alimtazama. "Wewe umeshaandika ya kutosha," alisema. Jiwe likachongwa jina tu.

Numerio hakutunga tena. Fulkinia alikuja mara moja, akakuta mlango umefungwa, na kabla baridi haijaisha nikasikia ana rafiki mwingine, mwanajeshi. Ndugu yangu alirudi kwetu Arimino, kwenye mashamba ya mizabibu ya babu, na huko akafa kabla ya kuota mvi.

Mimi nimebaki Subura. Juzi jirani mgeni, msichana aliyeolewa karibuni, aliniuliza kama ni kweli nilimfahamu Melita.

"Hapakuwa na Melita," nilimwambia. "Palikuwa na Turania, alikuwa akiuza mafuta."

"Ndiye huyo huyo!" alisema, akapiga makofi kwa furaha.