Jina la Kuweka Juu ya Mlango

Ukienda kutengenezewa bango kwa Mama Brashi, jiandae kuulizwa. Haulizi kwanza rangi, wala ukubwa wa ubao. Atakutazama kwa juu ya miwani, atafuta mikono kwenye aproni iliyokwisha kusahau ilikuwa rangi gani, kisha atasema, "Jina lako lina maana gani?" Kama hujui, rudi nyumbani ukaulize. Wateja wengine walinuna wakaenda kwa yule wa mtaa wa pili anayechapa herufi kwa mashine. Wengi wao walirudi, maana kwa urembo wa herufi hana wa pili. Mama Brashi msimamo wake ulikuwa mmoja tu: mkono usiojua unachoandika huandika kombo.

Kwa hiyo mtaa mzima ulining'iniza maana juu ya milango. Kinyozi, ukilitafsiri jina lake kutoka lugha ya baba yake, ni "aliyezaliwa safarini", na mwenyewe tangu azaliwe hajavuka hata daraja la pale mbele. Muuza dawa ni "mvua imerudi", kwa lugha ya watu wa nchi kavu, kwa sababu alikuja na mawingu. Fundi viatu jina lake lilipita lugha tatu kabla ya kumfikia, na katika ile ya kwanza kabisa lilisema "Mungu amesikia". "Amesikia nini?" Mama Brashi alimuuliza. Fundi viatu akatoka nje kumpigia mama yake simu, akarudi macho mekundu, akasema kumbe wazazi wake walikaa miaka mingi bila mtoto. Bango lake ndilo zuri kuliko yote mtaani, na hata leo akilipita huliangalia.

Sasa, huyu mwenye maswali ya watu alikuwa na binti wa kaka yake, aliyemlea tangu hajaota meno, wazazi wake walipofariki. Binti akakua, akajifunza kuoka, akafanya kazi kwenye matanuri ya watu mpaka viganja vikaota sugu. Mwaka huu amefungua tanuri lake mwenyewe, mkabala na karakana ya shangazi yake. Mama Brashi alitembea kifua mbele hadi watu wakampisha njia.

"Punguza, Mama Brashi, utapasuka," muuza dawa alimtania.

"Nikipasuka okoteni vipande mvitundike," akajibu. "Kila kimoja mtakikuta kina jina la mwanangu."

Na hapo ndipo alipokosea. Aliyewauliza watu wote, huyu hakumuuliza. Amuulize ya nini, na jina analijua tangu siku lilipotolewa? Akatafuta ubao usio na kifundo, akaupiga msasa mpaka ukateleza, akaupaka nyeupe, akaliandika jina lile kwa herufi nyekundu zenye kivuli cha dhahabu. Lilipokauka akaliegemeza ukutani, akakaa analitazama na chai yake ikapoa.

Binti akaingia, unga ukiwa bado kwenye nywele. "Shangazi, nimekuja kukupa jina la bango."

"Kunipa jina?"

Binti akalitaja. Lilikuwa jina la kigeni, laini mdomoni. "Maana yake nyota ya asubuhi," akaongeza upesi, kwa kuwa alijua ataulizwa. Kisha macho yake yakafika ukutani, kwenye ule ubao.

"Nyota ya asubuhi," Mama Brashi akasema polepole. "Nani kakuita hivyo?"

"Nimejiita mwenyewe."

"Na hili?"

"Jina jema hung'ara gizani, Shangazi. Hili linanuka. Nani atanunua mkate wa Jalala?"

Maana jina lile, kwa lugha ya nyumbani kwao, ambayo pale mjini wanaoijua unawahesabu kwa vidole, maana yake ni jalala. Pa kutupia taka. Na aliyeitoa siri hiyo ni Mama Brashi mwenyewe, siku ya kumwandikisha binti shule. Mwalimu alisema jina hili sijawahi kulisikia, lina maana gani, naye kwa majivuno yake ya kujua maana, mdomo usio na pazia, akasimama mlangoni mwa darasa akasema, "Jalala." Kabla hajaendelea kengele ikalia. Watoto walikuwa wamesikia hilo tu, na hilo likawatosha. Tangu hapo binti aliitwa Jalala hadi alipomaliza shule.

"Ulikuwa ukiniuliza mbona sitaki kwenda," binti akasema. "Nikawa nakwambia tumbo linauma."

Mama Brashi akaweka kikombe chini. Yalimchoma. Lakini sheria yake aliijua: mwenye jina ndiye mwenye kauli. Akainuka, akafungua kopo la nyeupe, akachukua brashi pana, akaanza kulifuta jina kwa mkono wake mwenyewe, kuanzia herufi ya kwanza.

"Nisamehe, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Kengele ilinikatiza, na mimi sikurudi kumalizia. Kabla yako walikuwapo wawili, wasichana. Wazuri, na majina mazuri. Mmoja Dhahabu, mwingine Furaha ya Nyumba. Wote hawakufika hata kukaa. Ulipozaliwa wewe, bibi yako akasema huyu hatumsifu. Akakutoa nje, akakulaza kando ya jalala, akapaza sauti mbingu na ardhi zisikie: jamani, nimeokota takataka. Ili kifo kikipita kisigeuze shingo. Kisha akakurudisha ndani, akakufunika kwa nguo yake, akalia mpaka akaishiwa. Mwenye dhahabu, mama, hataji dhahabu mbele ya mwizi."

Brashi ilikuwa imefika katikati ya jina. Binti akamshika mkono.

"Ngoja kwanza. Na lako, Shangazi? Lina maana gani?"

Mama Brashi akairudisha brashi koponi. Miaka yote hakuna aliyemuuliza. Juu ya mlango wake mwenyewe paliandikwa MABANGO, basi. Akajitia kukoroga rangi isiyohitaji kukorogwa.

"Msichana tena," akasema mwishowe. "Mimi nilikuwa wa nne. Baba alingojea mvulana. Alipoambiwa akautazama ukuta, akasema, msichana tena, na likawa ndilo jina. Baba yako alikuwa hajazaliwa bado."

"Kwa hiyo mtaa mzima umeuvua nguo, wewe umejifunika gubigubi."

Mama Brashi akacheka mpaka miwani ikamdondoka, na alipoiokota alikuwa analia. "Siku uliyozaliwa mkunga alitoka akasema maneno hayohayo. Msichana tena. Kaka yangu akainamisha kichwa kwa hofu. Mimi nilipiga vigelegele hadi koo likakauka. Nilimpenda kila mtu siku ile, hata mimi mwenyewe."

Binti akachukua kitambaa, akakichovya kwenye mafuta ya taa, akaanza kuifuta ile nyeupe kabla haijashika. Nyekundu ikatokea tena, herufi kwa herufi. "Langu litapanda lako likipanda," akasema. "Na lako naliandika mimi."

Siku ya kufungua tanuri watu walijaa hadi barabarani. Kinyozi, aliyekuwa wa kwanza, akaangalia juu. "Haya, na hili nalo maana yake nini?"

Binti alimkabidhi mkate wa moto, na sauti yake ikafika mwisho wa mstari. "Jalala. Niliwekwa hapo ili kifo kisinione. Hakikuniona. Anayefuata."

Upande wa pili Mama Brashi alikuwa amesimama chini ya bango lake jipya. Herufi zilipanda na kushuka, na ya mwisho ilibanwa pembeni kwa kukosa nafasi. Muuza dawa akamuuliza kama amletee rula.

"Atakayezigusa atanijua," akasema. "Mkono ulioandika ulijua unachoandika."

Akafika mteja mgeni, mtu wa makamo, akitaka bango la duka la baiskeli. Kabla hajaulizwa akanyoosha kidole juu. "Hilo jina lina maana gani, mama?"

Mama Brashi akavua miwani. "Msichana tena," akasema, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. "Na yule pale wa mikate, naye ni msichana tena. Haya, niambie. Wewe lako lina maana gani?"