Nanga Isiyoonekana Pichani

Nawaandikia mama wenzangu wa huku Mocímboa, hasa nyie mlio na vijana wa kubeba mizigo. Mtoto akienda kupasuliwa bega, msiulize tu kipi kinashika. Ulizeni na kipi kinaonekana.

Mwanangu Amido alikuwa jikoni kule Afungi, kwenye kambi ya gesi, kazi ya kandarasi. Gunia la mchele lilimponyoka, akalidaka kwa mkono mmoja. Kano ya bega la kulia ikang'oka kwenye mfupa. Hata kuvaa shati akawa anavalishwa.

Hospitali kubwa ya kusini, dotori Tânia alitueleza. Kano hushonwa kwa nyuzi, nyuzi hufungwa kwenye nanga ndogo zinazopigwa ndani ya mfupa. Akatuwekea mbili mezani, moja ya chuma, moja nyeupe kama jino la mtoto.

"Kushika, zinashika sawa," akasema. "Hii nyeupe inayeyuka yenyewe polepole, mwaka, pengine miwili. Ya chuma inabaki, na kwenye picha ya mifupa inaonekana. Nyeupe haionekani, utaona tundu tu."

Mimi nikasema chuma. "Cha kuyeyuka ni sukari, dotori."

Amido akacheka. "Mama, unataka nilie kwenye mashine ya kukagua chuma getini kila asubuhi kama mbuzi mwenye kengele?"

"Haitalia, ni ndogo mno," dotori akasema.

"Dotori, wewe hujakaguliwa kwetu. Nitie nyeupe."

Bega ni lake. Akatiwa nyeupe. Tukarudi mkono umefungwa shingoni, na amri moja: asiuinue mpaka dotori aseme.

Kabla ya Awasse tukasimamishwa kwenye kizuizi cha askari. Mnajua vijana wanavyokaguliwa: shati chini, bega linatazamwa kama lina alama ya mkanda wa bunduki. La Amido lilikuwa na makovu mabichi.

"Hii risasi," askari akasema.

"Operesheni, chefe," Amido akajibu.

Karatasi ya hospitali hakuitaka, akasema hata waasi wa msituni wana mihuri. Nikampa picha. Akaiinua juani.

"Parafuso za chuma ziko wapi? Kaka yangu alivunjika mguu, picha yake imejaa parafuso kama sanduku la fundi. Huyu ana matundu matupu."

"Nanga zimo, baba, ila hazionekani."

Wenzake wakaangua kicheko. "Mamã, nanga isiyoonekana! Inafunga meli ya mashetani?"

Yule hakucheka. "Kama ni operesheni, basi ametengenezwa. Inua mkono."

"Baba, nakuomba, bado haujapona..."

"Mama, kaa kimya," askari akanikatiza.

Wakamfungua kitambaa. Amido akanitazama, akauona mtutu wa bunduki, akainua. Ulifika usawa wa sikio. Sauti hakutoa, ila midomo ilimpauka.

"Si mnaona? Mzima huyu. Pitieni."

Baada ya kipimo kingine dotori alinipigia simu. Nanga hazina kosa, akasema, zimekaa mfupani vilevile. Kano ndiyo iliyochanika, na iliyobaki ni kidogo, haishoneki tena. Nikamwambia ahsante.

Jikoni Afungi wamemweka mwingine. Amido mkono wa kulia unamtetemeka, tonge linadondoka kabla ya mdomo. Ndani, tukiwa wawili, anakula kwa kushoto. Wageni wakija wakakaribishwa sinia, anasema ameshiba.